Kuseti kabureta ya pikipiki nyumbani: jeti iguswe mwisho

Wengi wanaoharibu kabureta huanza vilevile. Pikipiki inakula mafuta au inakosa nguvu mlimani, mtu anasikia neno "jeti" (kipande kidogo cha shaba chenye tundu linalopima mafuta), anafungua, anaweka kubwa zaidi au anaziba ile iliyopo kwa uzi wa waya. Wiki mbili baadaye plagi ni nyeupe kama chaki, injini inachemka na valvu imeungua. Au kinyume chake: moshi mweusi, plagi inalowa kila asubuhi, na lita iliyokuwa ikimfikisha Ujiji na kurudi mara kadhaa sasa inaishia njiani.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao jeti inakuja karibu na mwisho. Umeandikwa kwa pikipiki zinazojaa Kigoma na Tabora: za cc 100 hadi 150, injini ya silinda moja, kabureta ya slaidi (kipande kinachopanda na kushuka kufungua njia ya hewa) inayovutwa na waya, mfano aina za PZ26 na PZ27 zinazofungwa kwenye pikipiki nyingi za Kichina zilizoiga Honda CG125. Kama yako ina kabureta yenye mpira mwembamba wa diaframu juu yake, hatua nyingi ni zilezile, na tofauti zimetajwa panapohusika.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla hujafungua chochote

- Bisibisi bapa mbili, moja pana na moja nyembamba, na bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa kwenye kichwa cha skrubu. Bisibisi iliyochakaa ndiyo inayoharibu vichwa vya skrubu za bakuli, kile chombo cha mafuta kilicho chini ya kabureta.
- Spana namba 8, 10 na 12, na spana ya plagi. Plagi ya aina ya D8EA inatumia namba 18. Pikipiki nyingine zina plagi ndogo zaidi ya namba 16.
- Fila geji ya kupimia mwanya wa plagi na valvu.
- Petroli safi nusu lita kwenye chombo cha bati au kioo, na mswaki wa zamani. Dawa ya kopo ya kusafishia kabureta ukiipata ni bora zaidi.
- Mshipi wa nailoni wa kuvulia, unene wa milimita 0.25 au 0.30. Kigoma hii ni rahisi, maduka ya nyavu yanayo.
- Hewa ya kompresa. Kama huna, peleka vipande kwa fundi pancha, au tumia pampu ya baiskeli yenye sindano ya kujazia mpira.
- Kipande cha paipu ya plastiki inayoonyesha ndani, sentimita 30.
- Gasketi au oringi mpya ya bakuli. Ya zamani ikishavimba kwa petroli hairudi mahali pake.
- Jeti kubwa (ile inayofanya kazi ukivuta mkono wa mafuta karibu fulu) mbili au tatu zenye namba zinazosomeka: ya namba iliyopo, moja chini na moja juu.
- Utepe wa karatasi, kalamu, na simu ya kupigia picha kila hatua.

Fanya kazi nje, kivulini, mbali na jiko la mkaa na mtu anayevuta sigara. Weka ndoo ya mchanga karibu. Usinyonye petroli kwa mdomo.

## Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa ni wa kabureta

Hapa ndipo muda unapookolewa. Malalamiko mengi ya "kabureta mbovu" yanaishia kwenye hatua hii.

Filta ya hewa. Kiangazi cha Tabora, vumbi la barabara za Sikonge, Urambo na Kaliua linaziba sponji ndani ya siku chache. Filta ikiziba, hewa inapungua, mafuta yanazidi, na dalili zote zinafanana na jeti kubwa mno. Sponji ioshe kwa maji ya sabuni, ikamue bila kuisokota, ianike kivulini, kisha ipake oili kidogo sana na uikamue tena. Filta ya karatasi ipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Ikiwa imelowa oili, nunua nyingine. Usiseti kabureta filta ikiwa imetolewa, kwa sababu ukiirudisha, kila ulichoseti kitakuwa kimebadilika. Na kuendesha bila filta kwenye vumbi lile ni kusaga pistoni na silinda kwa mchanga.

Plagi. Ing'oe, isafishe, weka mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7. Plagi iliyochoka inamisi (inakosa kuchoma mafuta mara kwa mara), na kumisi kunachafua plagi zaidi, mtu anadhani mafuta yamezidi.

Valvu. Kwa injini za aina ya CG, mwanya unaotumika sana ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu mwisho wa mgandamizo. Valvu zilizobana zinaleta sailensi (injini kuunguruma bila kuvuta mkono wa mafuta) isiyotulia na kuzima, na hakuna skrubu ya kabureta itakayoponya hilo.

Hewa inayoingia pembeni. Washa injini, acha isailensi, kisha nyunyiza maji ya sabuni kidogo kuzunguka kiungo cha kabureta na menifodi, yaani bomba linaloiunganisha na injini. Mlio ukibadilika au ukaona mapovu yanavutwa ndani, oringi au mpira wa hapo umepasuka. Badilisha kwanza. Kosa hili ndilo linalofanya resi ibaki juu hata baada ya kuachia mkono wa mafuta.

Choki. Angalia kama bati la choki linafunguka lote. Kuna pikipiki inayokula mafuta miezi mitatu kwa sababu tu choki imekwama nusu.

Breki na cheni. Inua tairi la nyuma, lizungushe kwa mkono. Likikwama, mafuta yanaliwa na breki iliyobana.

Mafuta yenyewe. Kama unanunua ya chupa kando ya barabara, legeza skrubu ya kumwagia iliyo chini ya bakuli, kinga kwenye chupa ya kioo, acha dakika tano. Maji yatajitenga chini. Harufu ya mafuta ya taa na moshi unaokereka macho ni dalili kwamba umeuziwa mchanganyiko. Mwaga, safisha tanki, anza upya.

*Ukifanikiwa:* kila kilichotajwa hapo ni kizima, na tatizo bado lipo. Sasa una haki ya kufungua kabureta.

## Hatua ya 2: Tafuta tatizo liko wapi kwenye mkono wa mafuta

Kabureta ina sehemu kadhaa zinazopokezana kazi. Kila moja inatawala eneo lake, na usipojua eneo utarekebisha sehemu isiyo na kosa.

Bandika kipande cha utepe kwenye mkono wa mafuta na kingine kwenye chuma kisichozunguka kilicho jirani. Chora mstari mmoja kwenye ule unaozunguka. Kwenye ule uliotulia chora alama tano: imefungwa, robo, nusu, robo tatu, fulu. Sasa unaweza kuona ulipo wakati unaendesha, badala ya kukisia.

Maeneo ni haya:

- Imefungwa hadi nusu ya robo ya kwanza: jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko.
- Kuanzia hapo hadi robo: mkato ulio chini ya slaidi.
- Robo hadi robo tatu: sindano inayoning'inia kwenye slaidi, na mahali ilipokaa klipu inayoishikilia.
- Robo tatu hadi fulu: jeti kubwa.

Yanaingiliana kidogo, lakini mgawanyo huu unatosha. Mwenye bodaboda wa mjini anaishi chini ya nusu muda mwingi. Jeti kubwa, ile ambayo kila mtu anakimbilia kuibadilisha, haimgusi kabisa akiwa Mwanga sokoni, Kigoma, anatafuta abiria. Matumizi yake ya mafuta yanaamuliwa na jeti ndogo, sindano na usawa wa mafuta kwenye bakuli.

Endesha injini ikiwa ya moto, shikilia kila alama kwa muda, uandike: hapa inakata, hapa inavuta vizuri, hapa inakohoa.

## Hatua ya 3: Kutoa kabureta

Funga koki ya mafuta iliyo chini ya tanki. Mwaga mafuta ya bakuli kwenye chombo. Chomoa paipu ya mafuta, legeza klipu ya mpira wa filta, kisha fungua nati mbili za menifodi.

Kifuniko cha juu kinafunguka kwa mkono, slaidi na sindano vinatoka pamoja na waya. Usiviburute kwenye mchanga. Vifunge kwenye kitambaa safi na uvining'inize kwenye usukani.

Kwa kabureta ya diaframu, fungua skrubu za kifuniko taratibu ukiwa umekishikilia, kwa sababu kuna springi chini yake. Mpira ule usiguswe na petroli wala dawa ya kusafishia. Unavimba na hautakaa tena kwenye mfereji wake.

Piga picha kila upande kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 4: Kusafisha

Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, ihesabu. Ikaze taratibu hadi iguse mwisho, ukihesabu mizunguko, mfano mmoja na robo tatu. Andika. Usiikaze kwa nguvu: ncha yake ni nyembamba, inakatika na kubaki ndani, na kabureta imekwisha. Ukiitoa, tazama kama springi, washa ndogo (pete bapa ya chuma) na oringi vimetoka nayo. Oringi hupenda kubaki ndani ya tundu. Ivute kwa ndoano ya waya laini bila kukwaruza kuta.

Fungua bakuli. Vuta pini ya bawaba ya boya kuelekea upande inakotoka kirahisi. Toa boya na pini yake ya kuziba mafuta. Toa jeti kubwa, kisha bomba lenye vitundu lililo juu yake, kisha jeti ndogo iliyo kwenye shimo la pembeni. Hii ya mwisho inahitaji bisibisi nyembamba inayojaa mfereji wake wote. Shaba ni laini. Bisibisi ikichenga mara moja, mfereji umeliwa na itabidi uichimbue.

Loweka vipande vya chuma dakika 20 au 30. Sugua kwa mswaki. Kisha nenda kwenye jeti ndogo, ambayo ndiyo inayoziba mara nyingi kuliko zote. Jeti yenye namba 35 ina tundu la karibu milimita 0.35. Chembe moja ya kutu kutoka kwenye tanki inatosha. Ielekeze juani: unatakiwa kuona duara kamili la mwanga, lenye kingo safi. Ukiona nusu mwezi au giza, pitisha mshipi wa nailoni wa 0.30, sukuma mbele na nyuma, loweka, puliza, tazama tena.

Usitumie waya wa breki, sindano ya kushonea wala pini. Chuma kinakwaruza shaba na kupanua tundu, na tundu likishapanuka halirudi. Jeti ya 35 iliyochokolewa kwa sindano si 35 tena, na hutajua imekuwa ngapi.

Puliza kila tundu la mwili wa kabureta, pamoja na matundu madogo yaliyo sakafuni mwa njia ya hewa upande wa injini. Ziba tundu moja kwa kidole na usikilize hewa inatokea wapi. Kila njia lazima iwe na mahali pa kuingilia na pa kutokea.

*Ukifanikiwa:* mwanga unaonekana kwenye jeti zote, hewa inapita kila njia, na bakuli halina unga mweupe wala tope la kahawia chini. Tope likirudi baada ya wiki, chanzo ni tanki. Weka filta ndogo ya mafuta kwenye paipu.

## Hatua ya 5: Usawa wa mafuta kwenye bakuli

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayofanya jeti mpya zionekane hazifai. Usawa ukiwa juu, mafuta yanavutwa kwa urahisi kila eneo la mkono wa mafuta. Ukiwa chini, yanapungua kila eneo. Tatizo linaloonekana sawasawa kuanzia sailensi hadi fulu mara nyingi liko hapa.

Tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia kimiminika ndani, limepasuka, nunua jingine. Tazama ncha ya mpira ya pini ya boya. Ikiwa na mfereji uliojichora kuizunguka, haitaziba tena.

Rudisha boya na pini, bila bakuli. Pindua kabureta juu chini, puliza kwenye mdomo wa kuingilia mafuta kwa paipu kavu: hewa isipite. Igeuze wima, puliza tena: hewa ipite. Ikipita ikiwa imepinduliwa, kabureta itamwaga mafuta usiku kucha, na mengine yataingia kwenye oili ya injini. Kama oili inanuka petroli, imwage kabla ya kuwasha.

Sasa kipimo chenyewe. Funga bakuli, rudisha kabureta kwenye pikipiki. Chomeka paipu inayoonyesha ndani kwenye bomba la kumwagia lililo chini ya bakuli, inua ncha yake ya pili juu kando ya kabureta, fungua koki, kisha legeza skrubu ya kumwagia. Mafuta yatapanda ndani ya paipu na kusimama sawa na yalivyo ndani. Pikipiki iwe wima, si kwenye stendi ya pembeni.

Usawa unatakiwa uwe milimita chache chini ya mstari ambapo bakuli linakutana na mwili wa kabureta. Ukiwa juu ya mstari, kunja kidogo sana kiulimi cha boya kinachosukuma pini ili kifunge mapema. Ukiwa chini mno, fanya kinyume. Nusu milimita ya kukunja inabadilisha mengi. Maboya ya plastiki tupu hayakunjiki. Hapo suluhisho ni boya na pini mpya.

## Hatua ya 6: Kurudisha slaidi, kwa tahadhari

Mkato wa chini ya slaidi utazame upande wa filta ya hewa. Mfereji wa pembeni uingie kwenye kijino kilicho ndani ya kabureta. Ikikataa kushuka, usilazimishe. Zungusha taratibu hadi idumbukie yenyewe.

Kabla ya kuwasha, vuta mkono wa mafuta hadi mwisho na uuachie ghafla. Lazima usikie slaidi ikigonga chini, mara zote, usukani ukiwa kushoto, katikati na kulia. Slaidi iliyogeuzwa inakwama juu, injini inalia fulu mara tu ikiwaka, na pikipiki iliyo kwenye gia inaruka na mtu. Ikitokea, zima swichi. Usihangaike na mkono wa mafuta.

## Hatua ya 7: Sailensi na skrubu ya mchanganyiko

Pasha injini moto kwa kuendesha dakika kumi. Kuseti injini baridi ni kazi bure, kwani ikipata moto kila kitu kinabadilika.

Jua kwanza skrubu yako ni ya aina gani, maana hapa ndipo watu wanapopotezana:

- Skrubu iliyo upande wa filta, kabla ya slaidi, inatawala hewa. Ukiikaza, mafuta yanaongezeka. Ukiilegeza, yanapungua.
- Skrubu iliyo upande wa injini, baada ya slaidi, inatawala mafuta. Ukiikaza, mafuta yanapungua. Ukiilegeza, yanaongezeka.

Rafiki aliyekwambia "legeza nusu mzunguko ipunguze ulaji" anaweza kuwa na ukweli kwa kabureta yake na uongo kwa yako.

Anza na mzunguko mmoja na nusu kutoka mwisho. Pandisha sailensi kidogo kwa skrubu yake kubwa ili isizime. Kaza skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko, subiri sekunde tano, sikiliza. Endelea hadi injini ianze kushuka au kuyumba. Kisha legeza robo kwa robo: itapanda, itatulia, halafu itaanza kushuka tena upande wa pili. Iache pale ilipolia juu na laini zaidi. Punguza sailensi hadi mizunguko 1,300 hadi 1,500 kwa dakika. Kama huna mita, ni pale injini inapolia kwa utulivu na taa haifififii sana. Rudia mara moja tena.

Idadi ya mizunguko uliyoishia inakupa taarifa. Kwa skrubu ya mafuta: chini ya mzunguko mmoja, jeti ndogo ni kubwa mno, zaidi ya mitatu, ni ndogo mno au haijasafishika. Kwa skrubu ya hewa soma kinyume. Na kama unazungusha na injini haijali kabisa, kuna njia iliyoziba, au sailensi umeipandisha mno hadi slaidi imepita eneo la jeti ndogo.

*Ukifanikiwa:* piga resi fupi. Injini inadaka papo hapo, inarudi chini na kutulia. Ikibaki juu sekunde kadhaa kabla ya kushuka, mafuta ni machache au hewa inaingia pembeni. Ikishuka chini kuliko sailensi, ikataka kuzima, ndipo ikainuka, mafuta ni mengi.

## Hatua ya 8: Sindano

Sindano nyingi za slaidi zina mifereji mitano ya klipu. Ukishusha klipu, sindano inapanda, mafuta yanaongezeka. Ukipandisha klipu, sindano inashuka, mafuta yanapungua. Anzia mfereji wa katikati.

Shikilia alama ya nusu kwenye barabara iliyonyooka, gia ya tatu. Ikisitasita na kuvuta kwa mikupuo, kisha ikawa bora ukivuta choki kidogo, mafuta ni machache: shusha klipu mfereji mmoja. Ikilia kwa uzito, inabubujika, na moshi unaonekana, pandisha mfereji mmoja. Usiruke miwili.

Hii ndiyo marekebisho yenye faida kubwa zaidi kwa ulaji wa mafuta wa kila siku, na haigharimu hata shilingi. Kabureta nyingi za diaframu hazina mifereji. Sindano yake imekaa palepale ilipopangwa na kiwanda, na ni vizuri ibaki hivyo.

## Hatua ya 9: Jeti kubwa

Sasa ndiyo. Na mara nyingi ukifika hapa huihitaji.

Sababu za kweli za kubadilisha jeti kubwa ni chache: ekzosi imetobolewa au imebadilishwa, kabureta imenunuliwa mpya na imekuja na jeti isiyolingana na injini, jeti iliyopo imechokolewa, au mwinuko umebadilika sana.

Hilo la mwinuko linasemwa ovyo. Kigoma mjini kando ya ziwa ni kama mita 775 juu ya usawa wa bahari, Tabora ni kama 1,200. Tofauti hiyo inabadilisha hitaji la jeti kwa takriban asilimia 2, yaani kutoka 100 hadi 98. Hiyo haizidi hatua moja ndogo ya jeti za dukani. Anayekwambia pikipiki iliyotoka Kigoma lazima ibadilishwe jeti ikifika Tabora anakuuzia jeti. Kutoka Dar es Salaam ni habari nyingine: hewa ya Tabora ni nyepesi kwa karibu asilimia 11, na jeti ya 100 inaweza kushuka hadi 95. Anayeishi kwenye milima ya Buhigwe, inayopita mita 1,500 sehemu kadhaa, naye ana sababu ya kujaribu namba moja chini. Anayepanda kwenda Manyovu mara moja kwa wiki hana.

Jaribio la barabarani. Tafuta kipande kirefu kisicho na watu wala ng'ombe, chenye mwinuko kidogo. Vaa helmeti, mtu asikae nyuma. Injini ya moto, gia ya tatu, fulu.

- Rudisha mkono wa mafuta kidogo tu kutoka fulu. Ikiongeza nguvu ghafla, jeti ni ndogo.
- Ikiwa nzito fulu, funga koki huku ukiendelea. Bakuli likianza kupungua, ikachangamka kwa sekunde chache kabla ya kukata, jeti ni kubwa. Fungua koki mara moja.

Kusoma plagi. Weka plagi mpya au iliyosafishwa kabisa. Nenda fulu karibu kilomita moja, kisha kwa mkupuo mmoja bana klachi na zima swichi, acha itembee hadi isimame. Usisailensi hata kidogo, maana sailensi inapaka rangi yake juu ya ile unayoitafuta. Ing'oe kwa uangalifu, ni ya moto.

Kahawia ya chai ya maziwa: sawa. Nyeupe, au yenye vidoa vinavyometa: mafuta machache, acha kuendesha fulu hadi urekebishe. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria: mafuta mengi. Nyeusi yenye utelezi ni oili, nayo inatoka kwenye ringi au sili za valvu; kabureta haihusiki.

Badilisha kwa hatua ndogo: 100 kwenda 98 au 95, 100 kwenda 102 au 105. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha rudia jaribio. Namba za jeti za Keihin zinakaribia kipenyo cha tundu kwa mia za milimita, hivyo 100 ni karibu milimita 1.00. Jeti za Mikuni zina mpango wake, na 100 ya huku si 100 ya kule. Jeti isiyo na namba iache dukani.

Kuhusu uzi wa waya ndani ya jeti: ndiyo, ulaji wa fulu unapungua. Joto la kichwa cha injini linapanda. Abiria wawili, gunia la mahindi, mlima wa kuelekea Kasulu saa nane mchana, na pistoni inang'ang'ania. Akiba ya mafuta ya mwezi mzima haifikii bei ya silinda na pistoni. Ukikuta waya wa aina hiyo kwenye pikipiki uliyonunua mkononi, utupe na ununue jeti mpya, kwa sababu tundu lile limeshakwaruzwa.

## Hatua ya 10: Kupima ulaji

Usipime kwa geji ya tanki wala kwa "nimeweka ya elfu tano". Jaza hadi shingo ya tanki, pikipiki wima. Andika kilomita. Endesha kazi zako za kawaida angalau kilomita 100. Rudi pampu ileile, jaza hadi alama ileile, gawanya kilomita kwa lita.

Pikipiki ya cc 125 iliyo sawa, mtu mmoja, mwendo wa kawaida, inafikia kilomita 40 kwa lita bila shida. Ya bodaboda yenye abiria na kusimama kila mara itakuwa chini ya hapo. Ikiwa chini ya 30 hata bila mzigo, rudi Hatua ya 1 na ya 5 kabla ya kugusa jeti tena.

Mwisho, andika kwenye kipande cha utepe: namba ya jeti kubwa, namba ya jeti ndogo, mfereji wa klipu, mizunguko ya skrubu na tarehe. Kibandike chini ya siti. Fundi yeyote atakayefungua kabureta baadaye, ukiwemo wewe, atajua pa kurudi.